Mbegu ipi ya waridi uisie Dodoma? Ulinganisho kwa anayetaka kuanzia kwenye mbegu

Mtu anayetaka waridi la haraka Dodoma hana haja ya mbegu. Aende kwenye vitalu vya kando ya barabara, achague mche wa kubebesha (uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine) wenye vitumba, alipe, na jioni ile ile ua liko mbele ya kibaraza chake. Mbegu ni za mtu mwenye haja nyingine. Anataka miche mingi kwa gharama ndogo, au anataka ua ambalo jirani yeyote hana, au ameona pakiti mtandaoni ikamvutia. Kila haja hapo ina mbegu yake. Wengi wanaosema waridi halioti kwa mbegu hapa kwetu walisia aina isiyowafaa, tena katika mwezi usiofaa.

Nalinganisha makundi manne: mawaridi madogo ya Kichina yanayouzwa kwenye pakiti, mbegu unazozitoa mwenyewe kwenye miwaridi ya bustani, mawaridi pori ya nchi za baridi, na adeniamu, ambayo wengi huiita waridi la jangwani. Ninaandika nikiwa na Dodoma mjini akilini. Aliye Kondoa au Singida, ambako nyanda zimeinuka zaidi na usiku una ubaridi zaidi, atapata nafuu kidogo kuliko sisi.

Hali yetu kwanza

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka Novemba. Maji ya visima vingi yana chumvi. Angalia chungu cha ua kilichomwagiliwa kwa miezi kadhaa: ukingoni utaona utando mweupe mgumu, na majani ya mwaridi uliomo humo mara nyingi yamechujuka yakawa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni dalili kwamba udongo umekuwa wa alikali kiasi kwamba mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma. Mche wa mbegu, wenye mizizi laini, hulipata tatizo hilo mapema kuliko mche mkubwa.

Jambo la pili ni baridi. Tunda la waridi, kile kitunda kinachobaki petali zikishadondoka na kikiiva huwa chekundu au cha rangi ya chungwa, limebeba mbegu zilizofungwa mara mbili. Ganda lake ni gumu kama mfupa, na ndani mna kemikali iitwayo asidi ya absisiki, inayokizuia kiini kisiamke. Katika nchi zenye majira ya baridi kali mbegu hulala ardhini miezi kadhaa, kizuizi kikapungua taratibu, ikaota joto linaporudi. Sisi usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na huo ndio ubaridi wetu wote. Hautoshi kuiamsha mbegu. Kwa hiyo friji inafanya kazi hiyo: nyuzi 4 au 5, sehemu ya mboga, mbegu zikiwa kwenye tishu yenye unyevunyevu ndani ya kikopo chenye mfuniko. Zisiingie kwenye sehemu ya kugandishia barafu.

Ubaridi ule wa Juni na Julai una kazi nyingine. Mbegu ya waridi ikishatoka friji huota vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20. Ikikutana na joto kali inaweza kurudi usingizini. Ndiyo maana anayesia Oktoba, mwezi ambao watu wengi huandaa bustani wakisubiri mvua, hupata trei tupu.

Waridi dogo la Kichina

Pakiti zake huandikwa Rosa chinensis au polyantha, na jina linaloonekana mara nyingi ni 'Angel Wings'. Ni kichaka kifupi, sentimita 30 hadi 50, chenye maua madogo ya petali chache, meupe au ya pinki. Kwa anayesia waridi mara ya kwanza, hii ndiyo mbegu ya kuanzia. Haina usingizi mzito. Baadhi ya mbegu zake huota hata bila friji, ingawa wiki tatu au nne za baridi huzifanya ziote kwa pamoja zaidi. Chipukizi huonekana baada ya wiki tatu hadi sita, na mche ukitunzwa unaweza kuchanua ndani ya miezi michache.

Haraka hiyo ina asili yake. Mawaridi ya China yana tabia ya kuchanua mfululizo badala ya mara moja kwa mwaka, na yalipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 ndiyo yaliyoyapa mawaridi ya kisasa uwezo huo. Kwao kuchanua hakutegemei baridi, na hilo linatufaa sana.

Udhaifu wake usifichwe. Hili si ua la kukata ukaweka kwenye chombo mezani. Kwenye jua letu hufunguka asubuhi na petali zikaanza kudondoka upesi. Rangi huwezi kuichagua, kwa sababu pakiti ni mchanganyiko. Na kwa kuwa mmea ni mdogo, kwenye chungu kidogo hukauka kwa siku moja ya upepo wa Septemba. Uzuri wake unaonekana ukipanda miche mingi kwa mstari kando ya njia ya kuingilia nyumbani, ambapo miwili mitatu ikipumzika mingine imechanua.

Mbegu za bustani yako mwenyewe

Hapa ndipo ninapoegemea, na nitakaa kidogo.

Kila waridi unaloliona kwenye kitalu lilianza kama mbegu moja. 'La France' ya mwaka 1867, inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika kundi la mawaridi makubwa ya kisasa yaitwayo hybrid tea, Jean-Baptiste Guillot wa Ufaransa aliiona miongoni mwa miche yake ya mbegu. 'Peace', iliyopewa jina hilo Marekani mwaka 1945 vita vikielekea kwisha Ulaya, ilitoka kwenye mche wa mbegu wa Francis Meilland. Baada ya hapo miche yote ya majina hayo ni vikonyo vilivyobebeshwa, kizazi kwa kizazi.

Hii ina maana moja ambayo mnunuzi lazima aielewe: mbegu ya waridi la bustani haitoi ua la mama yake. Miwaridi hii imechanganywa mno, na mingi ina seti nne za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Tunda moja la mama mwekundu linaweza kukupa mtoto wa pinki, wa pili mwekundu hafifu, wa tatu mwenye petali tano tu, na wa nne anayeshikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa utando mweupe wa majani, kabla hajafikisha shubiri. Anayetaka nakala ya ua la mama achukue vipandikizi. Mbegu zitamvunja moyo.

Kwa nini basi ninazipendekeza? Kwa sababu mama ameshapimwa. Mwaridi uliokaa miaka kadhaa kwenye mitaa yetu kama Kisasa au Chang'ombe, ukanywa maji haya ya chumvi, ukapigwa na upepo wa Agosti, na bado unachanua, una kitu cha kuwarithisha watoto. Pakiti kutoka Ulaya imechaguliwa kwa ajili ya mvua na ukungu wa Ulaya. Kati ya watoto wa mama huyo wengi watakuwa dhaifu, lakini wale wachache wazuri watakuwa wazuri hapa hapa.

Tena hawachelewi. Mtoto wa mwaridi unaochanua mfululizo huweza kutoa kitumba kidogo akiwa bado mfupi, miezi miwili au mitatu tangu aote. Ua hilo la kwanza huwa dogo na la petali chache. Usilitumie kuhukumu, mmea ukikomaa petali huongezeka na umbo hujitengeneza.

Mama wa kuchagua ni yule ambaye ua lake likifunguka unaona stameni, vile vijiti vyenye chavua, za manjano katikati. Nyuki humfikia na matunda hushika. Maua yaliyojaa petali mpaka katikati hushika matunda kwa shida, kwa kuwa stameni nyingi zimegeuka petali. Na yapo mawaridi yasiyotoa mbegu nzuri kabisa kwa sababu ya hesabu ya kromosomu zao. Mwaridi usiposhika tunda msimu mzima, nenda kwa mwingine. Maua ya dukani yaliyokatwa hayana msaada, maana tunda linahitaji miezi mitatu na nusu au minne juu ya mti.

Chunga jambo moja. Miche mingi ya dukani imebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Kwenye mashamba ya maua Afrika Mashariki shina linalotumika sana ni 'Natal Briar'. Sehemu ya juu ikifa, machipukizi ya shinani huinuka na kutoa maua madogo, na mwenye nyumba husema waridi lake limebadilika. Halijabadilika, limekufa, na aliyebaki ni mbebaji. Usichukue mbegu hapo ukidhani unachukua za lile ua kubwa la zamani.

Mawaridi pori ya nchi za baridi

Mbegu za Rosa canina, Rosa rugosa na Rosa multiflora huuzwa kwa wingi na kwa bei nafuu mtandaoni, na wengi huzitaka kwa ajili ya uzio wa miiba au kwa matunda ya chai, yenye vitamini C nyingi. Kwa Dodoma sizipendekezi.

Canina ndiyo ngumu kuliko zote. Mbegu yake hutaka kwanza miezi ya joto na unyevu, kisha miezi ya baridi, na nyingine hungoja mpaka mwaka wa pili. Ukifanikiwa, unapata mti ambao huchanua mara moja kwa mwaka baada ya kupita baridi halisi. Hapa utakupa majani na miiba. Ina sifa moja ya ajabu: ina seti tano za kromosomu na mama hutoa nne kati ya hizo kwa mtoto, hivyo watoto hufanana naye sana. Rugosa huhitaji friji miezi mitatu au minne. Hupenda mchanga na hustahimili upepo wa chumvi wa pwani, lakini kwenye udongo wa alikali na joto kama letu majani yake hugeuka manjano. Multiflora huota kirahisi baada ya mwezi mmoja au miwili ya baridi, na ina faida ya kweli kwa anayejifunza kubebesha, kama shina la chini. Lakini nayo haipendi alikali, na huko Marekani imegeuka gugu la kuwasumbua wafugaji malishoni. Anayetaka uzio wa miiba Dodoma ana mimea mingi ya kwetu inayofanya kazi hiyo bila kudai tone la maji mwezi wa Septemba.

Adeniamu

Adeniamu si waridi. Ni ya ukoo mmoja na oleanda. Nimeiweka kwa sababu wengi wanaouliza mbegu za waridi Dodoma, ukiwasikiliza vizuri, wanataka ua la pinki linaloweza kukaa juani kwenye chungu wao wakiwa safarini. Hilo ndilo hili. Ni mmea wa asili wa nchi kavu za Afrika Mashariki. Mbegu yake iliyovunwa karibuni haina usingizi wowote: isie kwenye mchanga wenye joto Septemba au Oktoba, na kwa wiki moja hivi imeshatoka. Huchanua baada ya mwaka mmoja au miwili. Tena mbegu ndiyo njia bora kwake, kwani mche wa mbegu hujenga kile kitako kinene kinachopendwa, na mche wa tawi mara nyingi haukijengi vizuri.

Hasara zake ni mbili. Harufu ya waridi haina. Na utomvu wake ni sumu, ile iliyotumika zamani kwenye mishale ya wawindaji. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi wanaozurura iifikirie mara mbili.

Mbegu za "waridi la bluu"

Hizi zisishindanishwe na yoyote hapo juu. Waridi la bluu la asili halipo. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitumia uhandisi wa jeni kupata 'Applause', iliyoanza kuuzwa 2009, na hata hiyo ni ya zambarau hafifu. Zile zenye rangi za upinde wa mvua ni maua meupe yaliyopasuliwa kikonyo na kunyweshwa rangi. Anayekuuzia mbegu zake anakuuzia mbegu za kitu kingine. Tena kuingiza mbegu kutoka nje kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Tanzania anayesimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Bahasha iliyokuja kwa posta bila karatasi hizo ni hatari kwa mashamba yetu, na hapa zabibu zetu ziko karibu.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa kasi ya kuota, adeniamu inashinda kwa mbali. Kwa kasi ya kuchanua, waridi la Kichina na watoto wa bustani wanakaribiana, na wote wanaiacha adeniamu nyuma. Mawaridi pori hayamo kwenye mbio hizo.

Kwa maji, adeniamu hudai machache zaidi, na hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi. Miwaridi yote ya kweli hutaka maji ya kutosha msimu wote wa kiangazi. Kama kwako maji ya bomba huja kwa zamu na huna simtanki, panda miwaridi michache kadiri ya ndoo zako.

Kwa harufu na ua la mezani, mbegu za bustani peke yake ndizo zenye matumaini, na matumaini hayo hutegemea mama uliyemchagua.

Kwa gharama, mbegu za bustani ni za bure kabisa. Utakacholipa ni muda, na nafasi ya miche ambayo mwishoni utaing'oa.

Mwenye mtoto wa shule anayetaka kuona mbegu ikiwa ua, nampa waridi la Kichina. Anayesafiri sana, adeniamu. Anayependa mawaridi kwa dhati, mwenye uvumilivu na kivuli kizuri nyuma ya nyumba, asie mbegu za bustani yake, na pembeni aweke trei moja ya Kichina ili moyo usikate tamaa wakati wa kungoja.

Kalenda ya mbegu za bustani

Novemba mwishoni na Desemba, kabla mvua hazijashika, acha kukata maua yaliyonyauka kwenye mama uliyemchagua. Ukitaka kumchagulia na baba, fanya asubuhi mapema: bandua petali za kitumba kinachokaribia kufunguka, ng'oa stameni zote kabla hazijapasuka, na kesho yake mpake chavua ya ua jingine kwa kidole, kisha funga uzi wa alama.

Tunda likibadilika rangi Machi au Aprili, lichume na ulipasue. Utakuta mbegu chache, mara nyingine hata zaidi ya 20, zimezungukwa na nyuzi za manyoya yanayowasha ngozi. Zisugue kwenye chujio mpaka nyama yote itoke, maana nyama ikibaki ndiyo inayoleta ukungu. Ziingie friji wiki sita hadi nane. Kila wiki fungua kikopo, tazama. Yenye ukungu itoe, iliyochungulia kimzizi ipande siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa Mei au Juni, sia kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja kwenye mchanga wa korongo uliooshwa, uliochanganywa na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au mboji iliyoiva. Samadi mbichi iache, hasa ya mbuzi. Trei iwe juu ya meza au matofali, kwa ajili ya mchwa na kuku. Iweke upande wa kusini wa nyumba: miezi hiyo jua liko kaskazini yetu, hivyo ukuta huo una kivuli karibu siku nzima. Kinga upepo kwa gunia. Maji yawe ya mvua yaliyobaki kwenye simtanki. Trei moja hainywi mengi, na kuchemsha maji ya kisima hakuondoi chumvi.

Utaanza kuona majani mawili ya mviringo, laini yasiyo na meno. Jani la kwanza lenye kingo za meno likitokea, huo ni mwaridi kweli. Kuanzia majani matatu au manne hamishia kwenye kiriba, yaani mfuko wa miche, na kuanzia Agosti geuza majani kila baada ya siku chache kutafuta utitiri mwekundu, ambao hupenda ukavu wetu. Unapouona, nyunyiza maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi.

Hutahitaji kuchagua miche ya kubaki kwa haraka. Oktoba itakuchagulia: mingine itachujuka majani, mingine itasimama kukua. Ile iliyopita mwezi huo ikiwa kijani iingie ardhini mvua za kwanza zikinyesha, na mwakani, shina likishakomaa, ichukulie vipandikizi vya vifundo vitatu au vinne.